Nilimtoa kaka yangu kwenye fomu ya viza. Someni kabla hamjasaini

Mwana wa Kisauni (mwenye uzi)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Uzi huu nimekaa nao kifuani zaidi ya miaka mitano. Naufungua leo kwa sababu juzi nilikuwa saiba moja hapa Kisauni, nikamsikia kijana kando yangu anaambiwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Nilimvuta nje nikamweleza. Lakini siwezi kukaa saiba zote za Mombasa.

Barua ya kukubaliwa chuoni nilipata mwaka 2019. Kozi ya miaka miwili ya usafirishaji na ugavi, chuo kimoja cha Alberta, Kanada. Baba yangu amefanya kazi ya kutoa mizigo Kilindini tangu ujana wake, kwa hivyo nyumbani hakuna aliyeniuliza kozi hiyo ni ya nini. Karo ya mwaka wa kwanza ilikuwepo. Kaka yetu mkubwa anaishi Edmonton tangu 2011, chumba cha kulala kilikuwepo. Kilichobaki ni viza.

Nikaenda kwa wakala mmoja wa mjini. Simtaji, wala si yeye peke yake. Ofisi ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, feni ya dari inalia kama inataka kuanguka. Yeye anauliza, mimi najibu, msichana wake anapiga chapa. Jina la baba, la mama, vizuri. Tukafika kwa ndugu. Nikaanza na wa tumbo moja, watatu. Nikaendelea: “Na kwa bi mdogo kuna kaka yetu mkubwa, yeye yuko Edmonton...” Akainua mkono.

“Huyo mtoe.”

Nikamwuliza kwa nini. Akasema afisa akiona una kaka Kanada ataamua hurudi tena Kenya. Halafu akafikiri kidogo, akasema: “Na ukimtoa yeye, watoe na wale wanne wengine wa mama yake. Andika tumbo la mama yako tu.” Msichana akafuta mstari, akaendelea.

Nataka niseme kweli hapa, maana bila ya hivyo uzi huu hauna faida. Sikudanganywa. Fomu ile ya familia, IMM 5645, imeeleza wazi kwamba ndugu ni pamoja na wa baba mmoja au mama mmoja, na wa kambo pia. Niliisoma. Nikasaini chini, mahali panaposema kwamba niliyoyaandika ni kweli na kamili. Mkono ni wangu.

Wiki kadhaa baadaye, barua pepe ikaingia. Ilikuwa baada ya Maghrib, tumekaa maskani. Haikuwa viza wala haikuwa kukataliwa. Ilikuwa barua ya kunipa nafasi nijieleze: tuna sababu ya kuamini hukutaja ndugu zako wote, una siku 10 za kujibu. Nilihisi kahawa inanirudia kooni.

Walijuaje? Hili ndilo mawakala hawawaelezi. Kaka yetu alipoomba makaazi ya kudumu mwaka 2014 alijaza fomu yake ya familia, nayo inataka ndugu wote. Alituandika sote, wa mama yake na wa mama yangu, na tarehe zetu za kuzaliwa. Kwa hivyo jina langu lilikuwa limo kwenye faili la Kanada miaka mitano kabla sijajua kwamba nitataka kwenda. Yeye aliniandika mimi ni ndugu yake. Mimi nikaandika kwamba yeye hayupo. Karatasi mbili zikakutana.

Nikakimbia kwa wakala. Akaniambia jibu kwamba ulisahau. Na mimi, kwa woga, nikajibu kwamba nilisahau. Nani husahau kaka mkubwa? Mtu aliyenifundisha kuogelea ufuo wa Jomo Kenyatta, amenishika tumbo majini mpaka miguu ikajua kazi yake. Uongo wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Uamuzi ulikuja: nimekataliwa kwa kutoa taarifa zisizo za kweli, kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji, na nimezuiwa miaka 5. Zamani ilikuwa miaka 2, wakaiongeza Novemba 2014. Miaka 5 ile huingii kwa masomo, huingii kwa matembezi, huombi makaazi ya kudumu. Chuo kikaenda.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Ilinibidi nimpigie kaka. Alikuwa ameshanunua godoro. Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, nikidhani simu imekatika. Kisha akaniuliza: “Kwa hivyo mimi si mtoto wa baba?” Bi mdogo alilijua jambo hilo kesho yake, na mimi nilipita miezi siwezi kukanyaga nyumba yake Mishomoroni, nyumba niliyokula mahamri tangu utoto.

Wenye maswali waulize. Nitajibu ninachokijua.

---

Kijana wa Changamwe

Pole sana kaka. Lakini niulize kwa uzuri. Wakala hakukosea yote, au vipi? Si kweli kwamba wanaangalia kama una watu kule?

---

Mwana wa Kisauni

Swali zuri, na hapo ndipo uongo wao unapopata nguvu, kwa sababu umechanganywa na kweli. Ndiyo, wanaangalia. Barua za kukataliwa za Kanada zimekuwa na mstari unaotaja uhusiano wa familia Kanada na nchi unayoishi. Afisa anataka kuridhika kwamba muda wako ukiisha utaondoka.

Lakini pima. Kaka kuwa kule ni jambo moja katika mizani. Unaweza kuweka mengine upande wa pili: kazi inayokungoja, wazee wanaokutegemea, sababu ya kozi hiyo na si nyengine. Tena sheria yao hiyohiyo, kifungu cha 22, inasema mtu kuwa na nia ya kuishi kule siku za usoni hakumzuii kuingia kwa muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukiisha.

Uongo haupimwi na chochote. Ukishapatikana, mizani inaondolewa mezani.

Na kuna hasara nyengine sikuiona wakati ule. Kaka alikuwa amechangia karo. Pesa zilikuwa zimeingia akaunti ya baba mara tatu kutoka Edmonton. Nilipomtoa kaka, zile pesa zikawa hazina mwenyewe. Na chumba cha bure, ambacho kingepunguza gharama zangu kwa afisa, sikuweza kukitaja. Nilimficha shahidi wangu bora.

---

Mkaazi wa Bamburi

Mnatisha watu. Mimi niko Kanada sasa hivi, nimekuja na kibali cha masomo 2021. Kwenye fomu niliandika sijaoa. Nilikuwa nimeoa, nikaha ya nyumbani, mwezi mmoja kabla ya kuomba. Hatukuandikisha popote. Wakala alisema bila cheti hakuna ndoa. Nikapata kibali wiki chache tu. Mke yuko Bamburi na mtoto wetu, namtumia kila mwezi. Kwa hivyo kila mtu na bahati yake. Si wote hukamatwa.

---

Karani wa Wakili

Ndugu wa Bamburi, samahani, sikushambulii. Nafanya kazi kwa wakili hapa mjini, na nimesoma ujumbe wako mara mbili kwa wasiwasi.

Kwanza, nikaha ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na nyengine, na inataka iandikishwe. Kutoandikishwa ni kasoro ya karatasi. Mbele ya walii na mashahidi ulikuwa na mke.

Pili, na hili ndilo nataka ulisome taratibu. Kanada ina kanuni, 117(9)(d). Inasema hivi kwa ufupi: mtu akipata makaazi ya kudumu bila kumtaja mke au mtoto aliyekuwa naye wakati ule, na mke au mtoto huyo hakukaguliwa na maafisa wa uhamiaji, baadaye hawezi kumdhamini kama jamaa wa familia. Umeandika una mke na mtoto Bamburi. Je, umeshaomba makaazi ya kudumu? Ikiwa bado, una nafasi. Ikiwa umeshaomba na hukuwataja, tafuta mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa kule leo, si wiki ijayo.

---

Mkaazi wa Bamburi

Bado sijaomba. Nilikuwa nataka kuomba mwaka huu.

Kwa hivyo nikiandika nimeoa tangu 2021 wataona nilidanganya kwenye ya kwanza. Na nikiandika sijaoa, mke wangu na mwanangu hawaji tena. Ndivyo?

---

Karani wa Wakili

Ndivyo. Ndiyo maana nimesema mwanasheria. Kujieleza mwenyewe kabla hujaulizwa kunapokewa tofauti na kukamatwa, ingawa siwezi kukuahidi matokeo, na anayekuahidi anataka pesa zako tu. Lakini kati ya njia mbili hizo, moja inaweza kukugharimu miaka. Nyengine inaweza kukugharimu mtoto wako kukua bila baba.

Na hakikisha unayemlipa ana haki ya kulipwa. Kwa maombi ya Kanada, wanaoruhusiwa kutoza pesa kwa ushauri ni mawakili wa huko, washauri wa uhamiaji waliosajiliwa, na manotari wa Quebec. Mtu aliyejaza fomu yako halafu hataki jina lake liandikwe popote kama mwakilishi, jiulize kwa nini.

---

Mkaazi wa Bamburi

Nimekuelewa. Nilikuja hapa kubishana. Naomba Mola anisamehe, na mwenye uzi pia. Nitampigia mke kwanza, kabla ya wakili.

---

Bi Kuze

Wanangu, mimi ni mtu mzima, naandika polepole, mnivumilie.

Binti yangu amepata nafasi ya uuguzi Kanada. Ana mtoto wa miaka 7, alimpata kabla ya ndoa. Wakati ule tulikuwa na aibu, marehemu mume wangu hakutaka maneno ya watu wa Kuze. Mtoto tukamwandikisha kwa jina langu. Cheti cha kuzaliwa kinasema mimi ndiye mama. Mtaa mzima hivi leo wanajua ni kitinda mimba wangu. Mtoto mwenyewe humwita mamake “dada”.

Sasa fomu inataka watoto na inataka ndugu. Wakala ameshasema muwekeni kwa ndugu, cheti si kiko. Binti yangu halali usiku. Anasema mama, nikimwandika ndugu nitakuwa nimemzaa mara ya pili kwa uongo. Nifanye nini?

---

Mwana wa Kisauni

Mama, shikamoo. Nimesoma nikaweka simu chini kwanza.

Mimi si mjuzi wa sheria, Karani atasema. Ninachoweza kukuambia ni kama mtu aliyepita: msimfanye mtoto akawa ndugu wa karatasi wa mama yake. Leo cheti kinawalinda. Kesho binti yako ataajiriwa kule na kutaka kumchukua mwanawe, na mkono wake mwenyewe utakuwa umeandika kwamba si wake.

---

Karani wa Wakili

Bi Kuze, shikamoo mama. Usione haya, nyumba nyingi za Pwani zina mtoto aliyeandikwa kwa bibi yake. Mlifanya kwa kumsitiri.

Fomu inauliza ukweli, haiulizi cheti kinasemaje. Binti yako ndiye mama, kwa hivyo mtoto anakwenda sehemu ya watoto. Kwa sababu cheti kinasema jengine, anaandika barua ya maelezo: kilichotokea, mwaka gani, kwa nini, na nini kinaendelea kufanywa. Anaambatisha kilichopo. Kadi ya kliniki ya mimba iko? Karatasi ya hospitali ya siku aliyojifungua? Vitu hivyo hutunzwa kabatini na hati za nyumba, vitafuteni.

Sambamba na hilo anzeni kurekebisha cheti kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Itataka hati ya kiapo yako wewe na yake yeye, na huenda ikabidi kwenda mahakamani. Si jambo la siku mbili. Kama muhula wa chuo uko karibu mno, aombe kusogezewa nafasi muhula unaofuata. Vyuo vingi hukubali ukiomba mapema.

Jambo moja zaidi. Msirekebishe kwa njia ya mkato. Kuna watu watawaambia kwa elfu kumi cheti kipya kinatoka Ijumaa. Kitatoka, na kitakuwa tatizo la pili juu ya la kwanza.

---

Bi Kuze

Kadi ya kliniki ninayo. Imekunjwa ndani ya msahafu wa marehemu. Ahsanteni wanangu. Hili la aibu nitalibeba mimi.

---

Likoni hadi Minnesota

Nataka kuleta upande wa Marekani maana sheria si moja, na watu wanachanganya.

Fomu ya DS-160 inauliza hatua kwa hatua. Baba yako yuko Marekani? Mama? Halafu: una jamaa wa karibu mwengine kule, yaani mume au mke, mchumba, mtoto, ndugu? Kila mmoja unasema hali yake: raia, mkaazi wa kudumu, au yuko kwa muda. Baada ya hapo kuna swali la jamaa wengine wowote, hilo ni ndiyo au hapana tu. Binamu, ami, khalati, wanaingia hapo. Na kuna swali ambalo watu wengi hulipita mbio: je, kuna mtu yeyote amewahi kukuombea uhamiaji? Kama dada yako raia alikufungulia I-130, yaani ombi la kumhamishia jamaa, miaka iliyopita, hata kama foleni ya ndugu ni ndefu ya miaka zaidi ya 10 na mmeshaisahau, jibu ni ndiyo. Wao ndio walioipokea.

Mimi nilipanda basi la usiku Mwembe Tayari, nikafika ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, asubuhi macho mekundu. Mwaka 2022. Afisa nyuma ya kioo akaniuliza, una nani Marekani? Nikasema dada yangu wa tumbo moja, Minneapolis, ana makaazi ya kudumu, na nitakaa kwake muhula wa kwanza. Hakushtuka. Alikuwa na fomu mbele yake, anajua. Akauliza kuhusu kozi, nani analipa, nikimaliza nitafanya nini. Nikamweleza kuhusu duka la dawa la mama Likoni na kwa nini nataka shahada hii. Nikapewa.

Sisemi kweli inakupa viza. Rafiki yangu alisema kweli zaidi yangu na akanyimwa siku hiyohiyo, chini ya kifungu cha 214(b). Kifungu hicho kinamchukulia kila mwombaji kama mtu anayetaka kuhamia mpaka aonyeshe kinyume. Uzito uko kwako. Inauma, na ada ya viza hairudi. Lakini 214(b) si marufuku. Rafiki yangu alijipanga, akarudi mwaka uliofuata na maelezo bora, akapita. Angekutwa na uongo mkubwa, ni kifungu cha 212(a)(6)(C), na hicho hakina miaka mitano. Ni maisha, mpaka upewe msamaha maalumu.

---

Kijana wa Changamwe

Na Uingereza?

---

Likoni hadi Minnesota

Wakithibitisha udanganyifu kwenye maombi, ni miaka 10. Na msidhani mtu anahama nchi akasafishika. Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zinabadilishana taarifa za uhamiaji. Fomu za baadhi yao, kama Uingereza na Kanada, pia zinauliza kama umewahi kunyimwa viza nchi nyengine yoyote.

---

Mwalimu wa Tudor

Naona tatizo jengine linalozaliwa na lugha yenyewe, naomba niliseme kwa sababu wanafunzi wangu huniletea fomu niwasomee.

Kiswahili chetu kinapanua nyumba. Mtoto wa ami ni kaka. Mtoto wa khalati ni dada. Baba mdogo ni baba, na akikulea utamwita baba mpaka afe. Jirani aliyenyonya ziwa la mama yako ni ndugu, huwezi hata kumwoa. Haya yote ni kweli, na ndiyo yaliyotufanya watu. Sasa kijana anakaa mbele ya afisa, anaulizwa una ndugu kule, anajibu kwa moyo safi “ndiyo, kaka zangu watatu Boston”, na fomu imeandikwa hakuna. Wale ni watoto wa ami! Hakudanganya popote, lakini ameonekana mwongo.

Na kinyume chake ndicho kilichompata mwenye uzi. Watu wengine wanatumia upana uleule wa lugha kupunguza. “Wa bi mdogo si ndugu wa fomu.” Tangu lini? Sisi tumeambiwa ndugu ni kufaana si kufanana, na huyu wa Edmonton alifaa na akafanana pia.

Ushauri wangu kwa vijana: kabla ya fomu, chora nyumba yako kwenye karatasi. Mstari wa baba na wake zake wote, mstari wa mama na waume zake wote, watoto chini. Waliozaliwa na baba au mama yako ni ndugu wa fomu. Watoto wa kambo, ambao baba au mama yako aliwakuta kwa mwenziwe, nao kwa Kanada ni ndugu. Wengine wote, hata umpende vipi, ni jamaa. Wa kunyonya pamoja hakuna fomu inayomuuliza. Ukimtaja mbele ya afisa, mweleze kwamba ni ndugu wa ziwa, usimwite kaka tu ukanyamaza.

---

Fundi wa Majengo

Mwalimu umesema. Mimi nauliza kuhusu upande wa pili wa mizani aliosema mwenye uzi. Nyumba yetu Majengo ni nyumba bila ardhi, kama nusu ya mtaa. Nyumba ni yetu tangu babu, ardhi ni ya mwengine, tunalipa kodi ya ardhi. Hatimiliki hatuna. Mtu mmoja ametaka kuniazima hatimiliki ya shamba Kilifi, ibadilishwe jina, ionekane baba ana mali. Nionyeshe nini ya kweli?

---

Mwana wa Kisauni

Usiiguse hiyo ya Kilifi, kaka. Hatimiliki hukaguliwa, na ikigundulika ni ya kughushi hutaulizwa nyumba ilijengwa na nani.

Onyesha mlichonacho. Risiti za kodi ya ardhi za miaka, bili ya umeme yenye jina la mzee, barua ya chifu. Kisha andika aya moja ueleze nyumba bila ardhi ni nini, kwamba Mombasa watu huuza, hurithi na hupangisha nyumba ambazo ardhi yake si yao. Afisa hajui. Hakuna aliyemweleza. Aya moja tu ya kweli, na nyumba ya babu yako inaonekana.

Na kama unafanya ufundi, piga picha ya karakana, weka barua za wateja. Kinachokurudisha nyumbani si lazima kiwe na mhuri wa ardhi.

---

Kijana wa Changamwe

Mwenye uzi, hujatuambia iliishaje wewe na kaka.

---

Mwana wa Kisauni

Nilikuwa naogopa kuulizwa.

Baada ya kukataliwa nilitaka kuona maelezo aliyoandika afisa kwenye faili. Kanada wanakuruhusu, ada ilikuwa dola 5 za kwao, lakini wakati ule mwombaji ilibidi awe raia wao au awe yuko kule, kwa hivyo ulimwandikia mtu ruhusa akuombee. Nilikuwa na mtu mmoja tu kule. Nilikaa wiki mbili nashindwa kumtumia ujumbe. Mwisho nikaandika: kaka, nisamehe, na nakuomba.

Akalipa zile dola 5. Maelezo yalipokuja alinisomea kwenye simu, mstari kwa mstari, saa nane ya usiku huku, yeye ndiyo kwanza ametoka kazini. Hapakuwa na shaka kuhusu karo, wala kozi. Shaka yote ilikuwa juu ya mistari mitano iliyokosekana. Alipomaliza kusoma akasema, “Wangekupa.” Kisha akasema, “Nenda kamwombe mama radhi, halafu mimi na wewe yamekwisha.” Nikaenda Mishomoroni. Bi mdogo hakunisemesha kuhusu fomu hata neno moja. Alinipa chai.

Miaka 5 imekwisha. Naomba tena. Kuzuiwa kwangu nakutaja mwenyewe, na barua ya maelezo haina neno “nilisahau”. Pesa zinazotakiwa zimepanda, zamani ilikuwa dola 10,000 mbali na karo, na tangu Januari 2024 wakaanza kutaka zaidi ya mara mbili yake, na kuna barua ya uthibitisho kutoka jimbo la chuo ambayo wakati wangu haikuwepo. Huenda nisipate. Nimekubali.

Jana baada ya Isha nilikaa na baba barazani, fomu kwenye mapaja, nikamsomea majina. Wanane. Akasikiliza mpaka mwisho akaniambia, “Umemwacha mmoja.” Nikahesabu tena, wanane. Akasema, “Mtoto wa mama yako aliyekufa wa siku arobaini, kabla yako wewe. Naye si mwanangu?” Aliyekufa pia huandikwa, na mahali alipofia. Sikuwahi kulisikia jina lake. Baba alinitajia herufi kwa herufi, na tarehe anaijua.

Kwa hivyo ni tisa. Kaka amenitumia nakala ya orodha yake ya 2014 ili tarehe zifanane, tukaona mdogo wetu mmoja kwake ameandikwa 1998 na kwangu 1999. Kesho asubuhi nakwenda kwa bi mdogo tuitafute kadi ya kliniki.